Nyumba Waliyoambiwa ni Tupu

Jumatatu asubuhi nilimkuta msichana mmoja mbele ya mlango wangu, ameipa nyumba mgongo, simu kainyanyua juu, anajipiga picha huku ametoa macho ya woga wa kujitakia. Nilikuwa na mkasi mkononi kwa sababu nilikuwa nakata kitambaa. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Samahani, mama, wewe ndiye unayekaa kwenye ile nyumba?" Nyumba ipi? "Ile yenye sauti." Nikamwambia nyumba yangu ina vyumba vinne, choo kimoja, paa linalovuja upande wa jikoni, na kochi la mteja lililotakiwa kwisha wiki iliyopita, na kama yeye hana kochi la kutengeneza basi anipishe. Akanipisha. Alipofika kona akageuka akapiga picha nyingine.

Huyo alikuwa wa sita mwezi ule. Lakini hao wa picha ni wastaarabu ukiwalinganisha na watoto wa shule. Wao huja saa tisa mchana, wanajibanza chini ya dirisha la chumba cha nyuma, mmoja anakwaruza sauti yake anaita, "Upo? Bado upo?" halafu wote wanatimua mbio huku wakipiga mayowe na kucheka mpaka wanaangusha mabegi. Nyuma ya dirisha hilo amekaa mama yangu mzazi, ana miaka sabini na tisa, na sauti wanayoiigiza ni yake. Yake kabisa, iliyotoka kinywani mwake, ndani ya nyumba aliyojengewa na marehemu baba.

Nitaeleza ilivyokuwa. Nitaeleza na hasira yangu hivi hivi, sitasubiri ipoe, maana watu wamezoea kuniambia "tulia kwanza, dada," na nimegundua kwamba anayeniambia nitulie ni yule yule aliyenitibua.

Mimi ni fundi wa makochi. Sebule ya mbele ndiyo karakana yangu: sponji, mikanda, springi, pipa la gundi, na vumbi lisilokwisha. Nafanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mama. Mama alikuwa opereta wa simu miaka thelathini na moja, enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mbali ulimpata kwanza opereta, akachomeka waya huku na kule mpaka mkasikilizana. Kwa sauti yake tu watu walimjua mji mzima. Sasa kumbukumbu imemtoka, mwaka wa tatu huu, lakini kazi haikumtoka. Kila mchana alikuwa anakaa kwenye meza ya chumbani kwake, uso ukutani, mikono inachomoa na kuchomeka nyaya ambazo hazipo, na anaita: "Haloo, namba gani tafadhali? Subiri nikuunganishe. Upo? Bado upo? Ongea sasa." Nami huku mbele napigilia misumari yangu. Ndivyo tulivyoishi.

Na usije ukanidhania ni mshamba wa sinema. Hizi sinema za nyumba zenye mizimu nazipenda mno, tena tangu usichana. Nazijua kama ninavyolijua kochi la springi. Familia inafika na maboksi. Baba anasema bei ilikuwa ya kutupa, mama anasifia madirisha, na mtoto wao mdogo anaanza kuongea na pembe ya chumba. Wiki ya kwanza mlango unafunguka wenyewe. Wiki ya pili mtu mzima mwenye akili zake anashuka ngazi kwenda kuangalia, na tochi yenyewe betri imechoka. Mimi niko kwenye kochi, miguu juu, mto mdomoni, nawapigia kelele watoke, jamani, mlango ule pale. Hawatoki.

Na raha yote iko hapo. Ukiangalia sinema ya simba mla watu unajua porini huna safari nako. Nyumba lakini unayo. Ukizima televisheni unajikuta umekaa ndani ya kitu kile kile kilichokuwa kinakutisha: una korido, una bomba linalogonga, una chumba ambacho hukukiangalia tangu jana. Unaamka kwenda kukagua komeo, unakuta limefungwa, na unarudi umefurahi kana kwamba umeponea chupuchupu, na hata jasho halikukutoka.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera katika sinema hizo, na nilishakisema kwa yeyote aliyekuwa tayari kunisikiliza. Kwa nini mzimu ni bibi kizee kila mara? Nywele nyeupe, gauni la kulalia, anaita kutoka chumba cha nyuma. Sijaona hata siku moja mzimu wa mwenye nyumba aliyepandisha kodi, wala wa fundi aliyejenga choo kikapasuka kabla ya rangi kukauka. Hao ndio wangenitisha. Lakini hapana, ni bibi kizee tu, amekosa nini hata hatuambiwi.

Basi siku moja akaja mwongozaji wa filamu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, miwani ya jua kaining'iniza shingoni, kaleta viti viwili vya kuvalishwa kitambaa kipya. Nikawa namwonyesha sampuli, naye haangalii sampuli, anaangalia nyuma yangu.

"Dada, hii korido inaishia wapi?"

"Chumba cha nyuma."

"Naweza kuiona?"

Akaitembea taratibu, anagonga ukuta kwa kidole, anasikiliza. Ni korido ndefu na nyembamba, baba aliipima vibaya, na mlango wa mwisho ni mdogo kuliko mingine kwa sababu mbao zilipungua. Yule kijana akasimama katikati, macho yanamng'aa. Akaniambia anatengeneza filamu ya nyumba yenye mzimu. Akaniambia, "Porini mtu anakimbia, dada. Nyumbani kwake atakimbilia wapi?" Nikaona hapa nimepata mwenzangu. Tukakaa saa nzima tunabishana ni chumba gani kinatisha zaidi, yeye anasema jikoni, mimi nasema korido. Viti vyake tukavisahau. Kusema kweli angeniomba nyumba bure ningempa.

Alikuwa na masharti. Siku tano, na nyumba iwe tupu. Vinasa sauti vyao vinasikia kila kitu, akasema, hata mtu akipiga chafya chumba cha tatu. Akaleta karatasi: wakati wote wa kazi hakuna mkazi yeyote atakayekuwa ndani, isipokuwa mimi mwenye nyumba. Nikasaini. Nilishaongea na mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, akakubali kumchukua dada yake siku hizo tano bila hata kuguna.

Siku nne zilikwenda vizuri. Nyumba ilijaa nyaya na taa, watu kumi na tano wananyata kwenye soksi, na mimi naona fahari kama nimeitunga filamu mwenyewe. Siku ya tano asubuhi, wao hawajafika, teksi ikasimama nje. Mama mdogo akamshusha mama na mfuko wake.

"Mwanangu, dada yangu kanishinda. Usiku kucha ananiunganishia simu. Nimeshindwa, nisamehe."

"Mama mdogo, leo ni siku moja tu imebaki!"

"Basi si umeona? Moja tu. Utaiweza." Akarudi kwenye teksi.

Wewe ungefanyaje? Niambie. Gari lao linaingia baada ya nusu saa, karatasi nimesaini, majirani nimewaambia, na mama amesimama mlangoni anatabasamu, ananiuliza kama amechelewa zamu. Nilimpeleka chumba cha nyuma. Walishapiga picha zao huko juzi yake, hawakukihitaji tena. Nikampa chai na mkate, nikamsogezea kiti mezani. Nikafunga mlango kwa ufunguo, maana akiwa peke yake hutoka mpaka barabarani. Nikamwambia, "Mama, kaa kimya kidogo, nakuja sasa hivi." Nikajiambia ni nusu siku, watu wanasubiri zaidi ya hapo hospitalini.

Kabla ya chakula cha mchana fundi sauti wao akatusimamisha wote. Ni mtu mnene, mpole, hasemi mpaka awe na la kusema. Siku ya kwanza alinieleza kazi yake: kila chumba kina kimya chake, na kimya cha chumba hiki hakifanani na cha kile. Kwa hiyo wakimaliza kazi mahali wanarekodi dakika moja ya kimya hicho, ili baadaye wakikata maneno ya waigizaji wapate cha kuzibia mapengo. Dakika hiyo hakuna anayesogea, hakuna anayekohoa. Mimi niliipenda sana dakika ile. Watu kumi na tano wameganda, na nyumba ya baba inasikilizwa.

Kinasa sauti kilikuwa kimewekwa kwenye korido. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Akanyanyua mkono, tukaganda. Ikapita robo dakika. Kisha kutoka kule nyuma, kwa sauti kavu ya mtu ambaye hajanywa kitu tangu asubuhi:

"Haloo? Haloo?"

Yule dada wa kupaka waigizaji poda akanishika mkono, kucha zikazama. Ikaita tena, kidogo, ikanyamaza. Dakika ikaisha. Fundi sauti akavua vile vya masikioni.

"Nani yuko huko?"

Wote wakaniangalia mimi. Na mwongozaji akaniangalia zaidi, maana karatasi anayo yeye.

Nikasema hakuna mtu. Nikasema nyumba za zamani zina kelele zake. Nikacheka.

Wakaanza kucheka na wao, cheko lile la mtu anayejipa moyo, na mwongozaji akawa anasugua viganja kama aliyeokota kitu cha thamani njiani. Tukaenda kula uani kwa mbele. Nilikula, na nilisimulia hadithi, na watu walicheka sana.

Najua nilidanganya, sihitaji wa kuniambia. Lakini uongo wangu ulikuwa wa nusu siku na wa kuficha aibu ya nyumbani. Walichokuja kufanya wao na uongo huo ni kitu kingine.

Ikapita miezi minane. Siku moja jirani yangu, mama mwenye duka la vifaa vya shule, akaja mbio na simu yake. "Shoga, nyumba yako imetoka!" Kilikuwa kionjo cha dakika mbili, kile wanachorushiana watu kabla filamu haijaanza kuonyeshwa. Skrini nyeusi. Maandishi meupe: *Sauti hii ilinaswa katika nyumba isiyokaliwa na mtu.* Kisha geti langu, kisha korido yangu. Kisha mlango mdogo. Kisha mama yangu: "Upo? Bado upo?"

Jirani alifumba macho na kutetemeka kwa raha; ilivyokauka, hakuitambua ni ya mama. "Mwili umenisisimka," akasema. "Hebu turudie."

Mwongozaji alikuwa ameshahojiwa redioni mara tatu. Kila mara anasimulia jinsi walivyoganda, jinsi sauti ilivyokuja, jinsi mwenye nyumba mwenyewe, mwanamke mkweli kabisa, alivyothibitisha kwamba hakukuwa na mtu. Watu wakaitambua nyumba kwa geti lake. Wakaja wa picha. Wakaja watoto. Wateja wangu wawili wakaniomba kochi lao nilitengenezee nje, barazani, wasiingie ndani.

Na mama akawa hasemi tena. Wiki ile ile ya kionjo nilimpelekea chai mchana nikashtuka kwamba sijamsikia. Amekaa mezani, mikono kaiweka juu ya mbao, ameinyoosha tu. Nikamwita, akaniangalia, akarudisha macho ukutani. Kesho yake vile vile. Watoto wanaita dirishani, "Upo? Bado upo?" na yeye anainamisha kichwa. Basi damu ikanichemka. Mtu amefanya kazi kwa sauti yake maisha mazima, sauti ndiyo kitu pekee ambacho ugonjwa ulimbakishia, na sasa kila akifungua kinywa kuna mtu nje wa kumkejeli. Lazima anyamaze. Nani asingenyamaza? Nikaapa ile sauti itatoka kwenye filamu hiyo kabla haijafika kwenye ukumbi wowote, na mama atapata nafasi ya kuongea tena. Nikavua aproni, nikamwachia jirani ufunguo amwangalie, nikaenda.

Ofisi yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Chumba hakina dirisha, na kuta zote wamezibandika sponji ili sauti isirudi. Sponji yenyewe nyepesi, gundi imepakwa pembeni tu, katikati imevimba. Hata kuta zao wanazidanganya. Fundi sauti alikuwa mbele ya kompyuta, mwongozaji kajilaza kwenye kiti kimoja kati ya vile nilivyomvalishia mimi.

"Dada yangu! Umekuja kujionea? Jumamosi ndiyo siku yenyewe."

"Nimekuja kuchukua sauti ya mama yangu."

Alicheka. Kisha akaona sicheki.

"Mama yako yupi?"

"Ninaye mmoja. Alikuwa chumba cha nyuma. Alikuwa opereta wa simu, anaita wateja. Si mzimu, ana kadi ya hospitali, ana jino linamuuma. Na ninyi mmemtangaza mji mzima kwamba ni maiti."

Mwongozaji akakaa wima. Akamwangalia fundi sauti, fundi sauti akaangalia vidole vyake.

"Dada, ulisaini kwamba nyumba ni tupu."

"Nilidanganya."

"Nilikuuliza mbele ya watu wote. Tulikuuliza!"

"Nimesema nilidanganya! Unataka nikuandikie?"

"Lakini ndicho kitu bora kuliko vyote tulivyonavyo," akasema, na sasa alikuwa ananibembeleza, jambo lililonikera zaidi. "Nimelipa waigizaji wapige mayowe, nimekodi mashine ya moshi, na kwenye onyesho la majaribio hakuna aliyeshtuka. Ilipokuja sauti ile, ukumbi mzima uliganda. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu ni ya kweli. Hakuna mwigizaji anayeweza kuita hivyo."

"Ya kweli? Umeandika nyumba haikukaliwa na mtu."

"Ni wewe uliyesema haikukaliwa na mtu."

Nilimchukia kwa sababu hakukosea. Nikapandisha sauti. Nikamwambia mimi nimezipenda sinema hizi kuliko yeye, na kwa miaka yote nimekuwa nikijiuliza huyo bibi kizee wa chumba cha nyuma wanamtoa wapi, kumbe wanamtoa kwa watu. Kumbe kuna bibi wa kweli mahali, ana kiu, anaita, na kijana mwenye miwani shingoni anasema ongeza sauti kidogo hapo. Nikamwambia kesho naenda kwenye redio ile ile aliyoongea yeye, namshika mama mkono, namkalisha mbele ya maikrofoni, na yeye aje amwambie uso kwa uso kwamba hakuna mtu.

Hilo la redio ndilo lililomwingia. Nikaona anafikiria mahojiano yake matatu.

"Itoe," akamwambia fundi sauti. Akatoka, akausukuma mlango kwa nguvu zote ubamize, lakini nao ulikuwa na sponji. Ukajifunga polepole bila kelele.

Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa kwenye kile kiti, nikasema asante, kaka. Fundi sauti akafungua kitu kwenye skrini, mstari mrefu wenye vinundu vinundu.

"Nataka usikilize pamoja nami," akasema. "Zote zilizo zake nizitoe, isibaki hata pumzi."

"Mbona ndefu hivyo? Si ilikuwa dakika moja?"

"Niliiacha mashine ikiendelea tulipokwenda kula. Ni mazoea yangu. Kimya cha nyumba watu wakishatoka ni kizuri zaidi." Akagusa mstari kwa kidole. "Ya dakika ile haikufaa hata, ilikuwa haloo tu. Tuliyoitumia ni ya huku mbele. Sikujua ni mama yako, dada. Nilidhani, sijui nilidhani nini."

Akabonyeza.

Mwanzoni alikuwa kazini. Namba gani tafadhali, subiri nikuunganishe. Niliijua sauti hiyo, nikatabasamu hata. Kwa mbali sana, kama iko kwenye nyumba nyingine, palisikika watu wanacheka, na juu yao wote nikajisikia mimi, nasimulia hadithi yangu uani. Kisha mama akaacha kazi. Kiti kikaburuzwa. Kitasa kikazungushwa, mara moja, mara ya pili.

"Mwanangu," akasema. "Mlango umekwama."

Sikujua kwamba alikuwa bado ananijua. Tangu mwaka uliopita alikuwa ananiita dada, au ananiita kwa cheo cha msimamizi wake wa zamani.

Kitasa tena. Alisubiri kwanza, maana hakuwa mtu wa kupiga kelele, alifundishwa kazini kusubiri. "Mwanangu, nimemaliza chai." Akasubiri. "Mwanangu, ni mimi." Mimi nacheka huko mbele. Fundi sauti alikuwa ameinamisha uso. Ilikwenda hivyo dakika thelathini na nane, nilikuwa naziona zikipita chini ya skrini, na sikuthubutu kumwambia asimamishe. Mwisho akausogelea mlango kabisa, mdomo umegusa mbao, na sauti ikatoka kwa karibu, kavu, ile ile ya kionjo, ile ya watoto, ile iliyomsisimua jirani yangu mwili:

"Upo? Bado upo?"

"Ndiyo hiyo," fundi sauti akasema taratibu.

Kumbe hakuwa akimwita mteja yeyote. Ukumbi mzima ulikuwa unaganda kwa sababu ulikuwa unamsikia mama akiniita mimi.

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Hakuna. Nilisikiliza mpaka mwisho. Dakika tano nzima, halafu tunarudi kutoka kula."

Nilitaka kumbishia. Nilitaka kusema aliendelea kuongea, kwamba aliongea jioni ile, na kesho yake, na miezi yote ile mpaka watoto walipokuja. Nikaanza kutafuta mchana hata mmoja baada ya siku ile ambao niliisikia haloo yake. Nikakumbuka nilipofungua mlango jioni, amekaa kwenye kiti karibu na kitasa, hakunisalimia. Nikakumbuka nilivyofurahi kwamba leo katulia. Nikakumbuka makochi niliyoyamaliza mfululizo, nikimwambia jirani kwamba siku hizi mama hanisumbui. Miezi minane. Watoto walikuja kumwigiza mtu ambaye alishanyamaza siku nyingi, na mimi niliyekuwa naye nyumba moja nilikuja kushtuka pale tu nilipopata mtu wa kumlaumu.

"Niitoe?" akauliza.

"Itoe."

Ilichukua muda mfupi kuliko kupigilia msumari mmoja.

Nilifika nyumbani saa tisa. Watoto walikuwa chini ya dirisha. Siku nyingine ningewatimua kwa fagio. Niliwapita. Jirani akanirudishia ufunguo, akaniuliza imekuwaje, nikamwambia wameitoa, akanipongeza.

Mama alikuwa mezani, uso ukutani, mikono imenyooka. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Kwa miaka mitatu sikuwahi kuitikia wito wake hata mara moja. Nilidhani kumwitikia ni kumpoteza zaidi, na tena nilikuwa na kazi. Sikujua hata nianzie wapi.

"Haloo," nikasema. "Haloo, opereta."

Ilipita kitambo. Kisha mkono wake wa kulia ukanyanyuka kutoka kwenye mbao, ukashika waya ambao haupo. Mgongo ukanyooka.

"Haloo," akasema mama. Sauti ilikuwa inakwaruza kwa kukaa bure, lakini ilikuwa yake. "Nikuunganishe na nani, tafadhali?"

Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta. "Niunganishe na mwanao," nikamwambia. "Binti yako. Nataka kuongea naye."

Akachomeka waya. Akainamisha kichwa upande, anasikiliza, kama alivyofanya miaka thelathini na moja. Alisikiliza muda mrefu, bila haraka. Halafu akanigeukia na kuniangalia kwa ule upole waliofundishwa kumpa mteja wanayemwonea huruma.

"Samahani sana, bibi," akasema. "Nimemwita sana. Hajibu."